Kontena Likifika Majoreni, Lijengewe Paa

Ukisafiri kutoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, utayaona karibu kila kituo: makontena yaliyokatwa dirisha na kupakwa rangi ya kampuni ya simu au ya saruji. Hili ni duka la M-Pesa, lile ni la kinyozi, jingine limejaa misumari, mabomba na ndoo za rangi. Yaliingia nchini yakiwa na bidhaa, yakabaki kuwa majengo. Kule Majoreni, ambako unaiacha barabara kuu na kushuka upande wa mikoko, nyumba za fito na udongo zingali nyingi, na makuti yangali yanaezekwa. Lakini kontena linakwenda huko pia, na ni afadhali tulizungumzie kabla lori halijalishusha.

Sababu ya kwanza ni bandari ya Mombasa. Nchi yetu huagiza mizigo mingi kuliko inayouza ng'ambo, kwa hivyo makontena mengi yanayoteremshwa kwenye gati la Kipevu yamejaa hurudi matupu. Mengine huzeeka, huuzwa na kuingia mitaani. Zamani kulivusha kontena hadi kusini kulimaanisha kupanga foleni ya feri pale Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu inatoka upande wa bandari na kutokea kwenye barabara ya Lunga Lunga, na lori halihitaji kuonja maji.

Sababu ya pili iko mikokoni kwenyewe. Kwa karne nyingi mikoko ndiyo iliyokuwa duka la mjenzi wa pwani: fito za kuta, pau na mazio ya kuezekea, boriti za dari, nguzo za kusimamisha nyumba. Majahazi yalibeba boriti hizo hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti ni haba. Leo ukataji unahitaji kibali, na iko miaka ambayo serikali imeupiga marufuku kabisa. Nami naunga mkono ulinzi huo. Jirani zetu wa Gazi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanahifadhi hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni tangu 2013, na 2017 wakapata Tuzo ya Equator. Hata hivyo, familia iliyozoea kupata nguzo nyuma ya nyumba sasa inatafuta kitu cha kujengea, na sanduku la chuma lililo tayari linavutia.

Sanduku lenyewe halijazeeka sana. Mnamo Aprili 26, 1956, Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston, na biashara ya bahari haikurudi ilikotoka. Baadaye vipimo vikakubaliwa duniani kote: urefu wa futi 20 au 40, upana wa futi 8. Mahitaji ya usafirishaji, barabarani na baharini, ndiyo yaliyoamua vipimo hivyo. Starehe ya mtu anayelala ndani haikufikiriwa.

Upana huo, kwa bahati, pwani inaujua. Chumba cha nyumba ya mawe ya Mswahili, kama zile za Lamu, ni kirefu na chembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari yenye upana zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Wazee wetu waliishi humo, wakapokea wageni, wakaozesha mabinti. Kontena lina mita 2.44 kwa nje. Anayesema binadamu hawezi kuishi kwenye chumba chembamba namna hiyo hajaingia nyumba ya Lamu.

Tofauti iko ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unakaribia nusu mita kwa unene, nao hulichelewesha joto la mchana hadi jua litue. Ukuta wa kontena ni bati la kama milimita mbili. Liache wazi juani mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea, na saa nane mchana ndani yake ni tanuri. Usiku chuma hupoa ghafla, jasho la wanaolala hugeuka matone darini, na asubuhi magodoro yana unyevu. Halafu fundi akipigilia ubao na sponji ndani ili kuzuia joto, anakula nafasi. Kwa ndani upana ni mita 2.35 tu. Ukishaondoa unene wa ubao pande zote mbili, kitanda cha futi sita kilichowekwa kwa upana kinakuachia njia ya futi moja na nusu.

Ndiyo maana nasema dawa ya joto ianzie nje. Kontena lipate paa la pili, la makuti au la mabati, lililoinuliwa juu yake ili upepo upite katikati, na paa hilo litokeze mbele na nyuma liwe baraza. Kusi inatoka kusini mashariki na kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Kwa hiyo ubavu mrefu ukielekezwa mashariki utapata pepo zote mbili, lakini utapigwa pia na jua la asubuhi. Baraza pana ndilo linalomaliza ugomvi huo. Madirisha yakabiliane, moja kila ubavu, upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea.

Qatar nao waliutegemea upepo. Kwa Kombe la Dunia la 2022 walijenga Doha, kando ya bahari, uwanja ulioitwa 974, uliotumia makontena 974, idadi inayolingana na nambari ya simu ya nchi hiyo. Haukuwekwa mitambo ya kupoza hewa kama viwanja vingine, ukategemea upepo wa bahari, na mechi zake zote saba zilipangwa usiku. Mzigo wa uwanja ulibebwa na fremu ya chuma, makontena yakapachikwa humo.

Hapo pana somo kwa fundi wa kuchomelea wa Ukunda au Msambweni. Nguvu za kontena ziko kwenye nguzo nne za pembeni. Ndizo zinazobeba mengine yanaporundikwa melini. Kuta zenye mikunjo husaidia kulishikilia lisipinde. Ukikata mlango na madirisha mawili makubwa bila kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka matundu, paa litaanza kubonyea. Na paa lenyewe halikuundwa kubeba tangi la maji.

Kisha kuna chumvi. Chuma cha kontena kimechanganywa ili kutu ya juu ikikauka iwe ngao ya chuma kilicho chini. Hewa yenye chumvi haiiachi ngao hiyo itulie, kwa hiyo karibu na mikoko kutu itaendelea kula. Lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na chini yake hasa. Likalishwe juu ya vitako vya zege, pembe zote nne, maji ya masika yapite bila kuligusa.

Kabla ya kulipa, tazama mlango. Hapo kuna mabamba madogo ya chuma, na moja hueleza dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Sakafu hiyo ni plaiwudi nene ya milimita 28, na mara nyingi imelowekwa dawa ya kuua wadudu. Mtoto hafai kutambaa juu yake. Iondolewe au ifunikwe vizuri. Ingia ndani, mwambie mwenzako afunge milango, uangalie juu: palipo na nuru pana tundu. Na udai hati kwamba ushuru umelipwa.

Kuna kazi ambayo kontena huifanya vizuri kuliko nyumba. Kiunga, kaunti ya Lamu, shirika la GivePower lilifungua 2018 mtambo wa kusafisha maji ya chumvi kwa nguvu za jua, na mashine zake zimo ndani ya makontena ya futi 20. Mashine haisikii joto kama mtoto wa darasa la pili, na mlango wa chuma huzuia wezi. Ghala la nyavu na injini za wavuvi, stoo ya dawa yenye kipoza hewa, duka la ushirika: kwa hayo Majoreni italifurahia.

Kwa darasa, zahanati au nyumba, masharti ni mengine. Ombi langu kwa serikali ya kaunti ya Kwale, kwa kamati za mfuko wa maendeleo ya maeneobunge (NG-CDF) na kwa wafadhili wanaopenda kukabidhi makontena mbele ya kamera ni hili: bajeti isipitishwe kama haina fedha za paa la pili, baraza, madirisha ya kukabiliana na rangi ya kuzuia kutu. Nanyi wazazi na wanakamati wa Majoreni, mkiletewa sanduku tupu likaitwa darasa, msitie sahihi.