Kichwa Kikiuma Mlimani, Usifiche



Miezi ya ukavu ikifika, yaani Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na tena Juni hadi Oktoba, familia nyingi za kwetu huwa na mtu anayepanda Mlima Kilimanjaro. Wengine ni vijana wa parokia au wanafunzi walio likizoni, wanaokwenda kuiona Hifadhi ya Taifa na kulala kambini. Wengine ni waume na wana wetu, na siku hizi mabinti pia, wanaobeba mizigo ya wageni ili nyumbani ipatikane ada ya shule. Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa unaoweza kumpata yeyote kati yao: ugonjwa wa mwinuko.

Unatokana na nini?

Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa uwiano uleule wa hewa ya pwani, yaani sehemu 21 hivi katika kila 100. Lakini kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, pumzi moja huleta karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mungu ameuumba mwili uweze kuzoea hali hiyo, ila unahitaji siku kadhaa. Mtu akipanda haraka kuliko mwili unavyozoea, anaugua. Hali ikizidi, ubongo huvimba au mapafu hujaa maji.

Wapo wanaosema, "Sisi tumezaliwa mlimani, huo ni ugonjwa wa Wazungu." Si kweli. Vijiji vyetu vya Marangu, Kibosho na Machame viko chini ya mita 2,000. Kambi ya Kibo iko kwenye mita 4,700 hivi. Ujana na nguvu navyo si kinga; kijana mwenye nguvu anaweza kuwa hatarini zaidi kwa sababu anakimbia. Hata aliyepanda salama mwezi uliopita anaweza kuugua mwezi huu.

Dalili za mwanzo

Mara nyingi dalili huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika mahali pa juu. Kichwa kinauma, chakula hakina hamu, kuna kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa kukatika. Kwa kawaida hakuna homa kali.

Msiseme haraka kwamba ni malaria, njaa au jua. Mlimani, maumivu ya kichwa yahesabiwe kuwa ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ijulikane vingine. Mgonjwa apumzike hapohapo, anywe maji, na anaweza kumeza parasetamoli. Asipande hata hatua moja mpaka apone kabisa. Hali ikizidi, ashuke.

Dalili za hatari

Ubongo ukivimba, mgonjwa hupepesuka kama mlevi, huchanganyikiwa, au husinzia kupita kiasi. Mpimeni hivi: mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asipoweza, yuko hatarini.

Mapafu yakijaa maji, mgonjwa huhema hata akiwa amekaa, hukohoa, na midomo huweza kuwa ya buluu. Baadaye anaweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi.

Katika hali hizi mbili dawa kuu ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Msingoje kupambazuke. Kutoka Kibo hadi Horombo ni mita 1,000 hivi kwenda chini, na umbali huo umeokoa wengi. Oksijeni na dawa husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka. Mgonjwa asiachwe ashuke peke yake. Waiteni askari wa hifadhi, nao wanazo machela za gurudumu moja.

Kinga

1. Pandeni polepole. Kuanzia mita 3,000, inashauriwa kila usiku mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500. Njia ya Marangu huruka mita 1,000 hivi kila siku: Mandara 2,720, Horombo 3,720, kisha Kibo. Kwa hiyo laleni Horombo siku mbili. Mchana tembeeni juu zaidi, kisha rudini kulala palepale.

2. Kunyweni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mle hata kama hamu ni ndogo. Acheni pombe na vidonge vya usingizi.

3. Usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi 0. Nguo za pamba zikilowa hazitunzi joto. Chukueni za sufu, koti la mvua, glovu, na soksi kavu za kubadilisha. Mitumba mizuri inatosha.

4. Msiwashe jiko la mkaa wala la mafuta ya taa ndani ya hema. Hewa yake yenye sumu huua watu wakiwa usingizini.

5. Wenye siko seli, upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na akina mama wajawazito, wasipande kabla ya kumwona daktari. Ipo dawa ya kinga, asetazolamaidi, lakini itolewe na daktari. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa amweleze mapema.

Kwa familia za wapagazi

Mgeni akiumwa kichwa husema mara moja, maana amelipa. Mpagazi hunyamaza, kwa sababu anaogopa kurudishwa chini, kukosa ujira, na kutoitwa safari ijayo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wazazi na wake, msimwambie "jikaze" anapoondoka. Mwambieni, "Ukiumwa, sema." Ada ya shule inaweza kungoja muhula mmoja, baba haletwi na muhula mwingine. Hakikisheni ana koti zito na viatu vizima, na ajue kwamba mzigo wake haupaswi kuzidi kilo 20. Nanyi viongozi wa safari, kila jioni waulizeni wapagazi hali zao kama mnavyowauliza wageni, na anayeshushwa kwa ugonjwa alipwe siku alizofanya kazi.

Mlima hauhami. Aliyeshuka leo akiwa mzima atapanda siku nyingine. Mwenyezi Mungu awalinde wote walioko njiani.