Ukimtembelea jamaa anayetibiwa saratani, fuata kalenda ya hospitali

KILA shule zinapofungwa, na hasa mwezi wa Desemba unapowadia, familia nyingi nchini hufunga safari kwenda kuwaona jamaa zao. Baadhi ya safari hizo huishia Ruiru na Thika kwa sababu isiyo ya sherehe: katika nyumba inayoendewa mna mama, mjomba au shangazi anayetibiwa saratani.

Miji hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyo Kahawa West kando ya barabara ya Northern Bypass, ilianza kupokea wagonjwa mwaka wa 2019 na hutoa tibakemia pamoja na tiba ya mionzi. Kabla ya hapo, kwa miongo kadhaa, mgonjwa wa kawaida aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alitegemea Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Hospitali ya Thika Level 5 nayo hutoa tibakemia.

Kwa hivyo, mgonjwa anayetoka kaunti ya mbali hutafuta jamaa mwenye nyumba Ruiru, Juja au Thika, akakaa naye hadi matibabu yaishe. Likizo ikifika, ukoo mzima humfuata huko.

Nia ya wanaosafiri ni njema, na mgonjwa huwahitaji. Hata hivyo, ziara iliyopangwa kwa kutazama kalenda ya shule pekee huweza kumletea madhara, kwani mwili wake unafuata kalenda nyingine kabisa.

Chukua mfano wa tibakemia. Dawa nyingi za aina hii hutolewa kwa awamu, na awamu ya siku 21 ni ya kawaida sana. Katika siku chache za kwanza mgonjwa huandamwa na kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Kisha, takriban kati ya siku ya saba na ya 14, seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua mno. Katika wiki ya tatu seli hizo hurejea, na mgonjwa hupata nguvu kidogo kabla ya dawa nyingine.

Sasa mgonjwa aliyepewa dawa tarehe 1 Desemba atarudi hospitalini tarehe 22. Krismasi itamkuta hawezi hata kuvumilia harufu ya pilau. Sikukuu ya Mwaka Mpya itamkuta katika siku ya 11, wakati ambapo kinga yake iko chini kabisa, nao wageni wamejaa sebuleni. Siku zilizofaa kwa wajukuu kumwona zilikuwa kati ya tarehe 15 na 21, kabla ya nauli za Krismasi kupanda.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa familia inayopanga safari si lini shule zinafungwa, bali dawa inayofuata itatolewa lini. Ratiba hutofautiana kulingana na aina ya saratani na dawa zenyewe, na hubadilika vipimo vya damu visiporidhisha. Anayemuuguza mgonjwa anapaswa kuulizwa kwanza, na tarehe za hospitali kuthibitishwa, kabla ya mtu yeyote kulipa nauli.

Hatari ya kipindi cha kinga kushuka haipaswi kupuuzwa. Mafua ambayo kwa mtoto ni kamasi za siku tatu, kwa mgonjwa huyu huweza kuwa homa ya mapafu. Mtoto mwenye tetekuwanga, kikohozi au kuhara abaki nyumbani hadi apone, na mtu mzima vivyo hivyo. Waliofika wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumsalimu mgonjwa.

Joto la mwili wake likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na wahudumu waelezwe kuwa yuko katika tibakemia. Asipewe kidonge cha kutuliza homa na kuambiwa asubiri mapambazuko. Familia iliyokuja na zawadi nyingi bila kipimajoto imesahau kitu cha maana kuliko vyote.

Tiba ya mionzi ina mwendo wake. Hutolewa kwa dakika chache kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mara nyingi huendelea kwa wiki tano au zaidi. Uchovu huongezeka kadiri wiki zinavyosonga, na huweza kuendelea kwa muda baada ya mwisho. Mgonjwa wa mionzi hahitaji wageni wengi kwa siku moja. Anahitaji mtu mmoja wa kumsindikiza kila asubuhi.

Kukosa siku ni jambo zito. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, wataalamu hulenga matibabu yote ya mionzi yakamilike ndani ya wiki nane, kwa kuwa kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuushinda ugonjwa. Mgonjwa asishawishiwe kukatiza matibabu ili aende mashambani kula Krismasi na wenzake. Kuhusu sikukuu za umma, familia iwaulize wahudumu mapema jinsi siku hizo zitakavyofidiwa.

Watu wengi bado huogopa kumkaribia mgonjwa wa mionzi. Saratani haiambukizi kwa kugusana, na mionzi inayotoka kwenye mashine nje ya mwili haibaki mwilini. Mgonjwa anaweza kumkumbatia mjukuu wake jioni hiyo hiyo. Tofauti ni kwa aliyepigwa picha ya PET, ambaye huombwa asiwe karibu na watoto wadogo na wajawazito kwa saa kadhaa, na aliyemeza dawa ya mionzi kwa ajili ya saratani ya tezi ya shingo, ambaye hujitenga kwa siku kadhaa. Hospitali humpa maelekezo.

Watoto waelezwe ukweli kabla ya kufika. Nywele mara nyingi huanza kung'oka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, hivyo mtoto anaweza kumkuta nyanya asiyemtambua. Aliyeambiwa mapema kwamba ni dawa iliyong'oa nywele, na kwamba mara nyingi zitaota tena, hatalia mlangoni.

Chakula nacho kina masharti. Nyama choma ya Kamakis, Ruiru, ina sifa zake, lakini mgonjwa ale iliyoiva hadi ndani. Maziwa yachemshwe, maji ya kunywa yawe salama, na matunda yaoshwe vizuri na kumenywa. Mitishamba inayoletwa na jamaa isitumiwe kabla ya daktari kuarifiwa, kwani baadhi yake huathiri utendaji wa dawa za hospitali.

Je, familia itafanya nini basi? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba yenye mgonjwa, jembe lishikwe siku ya kwanza. Kufua, kupika, kupanga foleni ya dawa na kukesha ni kazi ambazo kwa miezi kadhaa zimekuwa zikifanywa na mtu mmoja, aghalabu binti au dada. Kumpa huyo wiki moja ya usingizi ni msaada kwa mgonjwa pia.

Wanaofua wavae glavu washikapo nguo zilizochafuliwa kwa matapishi, mkojo au kinyesi katika saa 48 baada ya tibakemia, kwani dawa hutoka mwilini kwa njia hizo. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Ni busara ukoo ugawe safari mara mbili: mtu mzima mmoja au wawili waje katika wiki za dawa na udhaifu, na watoto waje wiki ya tatu. Mgonjwa akiwa na nguvu, anaweza kuketi kivulini katika Hoteli ya Blue Posts, Thika, iliyoanzishwa mwaka wa 1908, akitazama maporomoko ya Chania. Safari ya maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi, penye mawe yanayoteleza, waachiwe vijana.

Fedha zizungumzwe waziwazi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kifurushi cha saratani kilianza kwa Sh550,000 kwa mwaka. Kiasi hicho ni cha kaya nzima wala si cha mtu mmoja, na viwango huweza kurekebishwa, hivyo familia iulize salio hospitalini. Wasio na ajira rasmi hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua Sh300 kwa kila mwezi. Jamaa wanaochangishana nauli ya matatu mbili za wageni wajiulize kwanza kama mchango wa mgonjwa umelipwa.

Upo wakati ambapo madaktari huiambia familia kwamba dawa hazitaponya tena, na kinachobaki ni tiba shufaa: kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa. Nairobi Hospice imetoa huduma hiyo tangu mwaka wa 1990, na Thika pia ina hospisi. Hapo kalenda hugeuka. Mgonjwa akipenda kuwaona watu wake, waje, hata kama wiki haikufaa na hata kama shule hazijafungwa. Anayesubiri Desemba aweza kufika nyumba ikiwa imeshawekwa turubai.