Nani Amwogeshe Freya? Kichekesho cha London na Maswali ya Wodini

Mwezi Agosti mwaka 2024, idhaa ya pili ya televisheni ya BBC nchini Uingereza ilianza kuonyesha tamthilia ya vichekesho iitwayo We Might Regret This, jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulisema hivi: huenda tukayajutia haya. Mhusika mkuu ni Freya, msanii kutoka Kanada aliyepooza mikono na miguu, ambaye amehamia London kuishi na mpenzi wake Abe, mwanasheria aliyemzidi umri. Freya huhitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kwenda msalani, na kumpata anayemfaa kumemshinda. Ndipo anapotokea Jo, rafiki yake wa tangu ujana, mwanamke asiye na simile wala ratiba, na Freya anamwajiri awe msaidizi wake. Tangu hapo nyumba haitulii, hasa kwa kuwa yumo pia kijana mkubwa wa Abe, na mke wa zamani ambaye mguu wake haujakatika mlangoni.

Tuseme mapema: hiki si kipindi cha kutazama pamoja na mkwe. Mna lugha ya mtaani, mna mambo ya chumbani yasiyofunikwa shuka, na mna mizaha mingi ya chooni. Hata hivyo, kwa muuguzi, mganga na mgonjwa, kina mambo ambayo vitabu vyetu vya mafunzo huyapita kwa haraka.

Kyla Harris, anayeigiza kama Freya, ndiye aliyeitunga tamthilia hii pamoja na rafiki yake Lee Getty. Harris mwenyewe amepooza kutokana na jeraha la uti wa mgongo, na urafiki wa wawili hao ndio uliozaa hadithi. Kwa sababu hiyo mwili wa Freya haukuwekwa pale ili mtazamaji auhurumie au aushangae. Ni mwili wenye njaa, wivu, usingizi na tamaa, unaohitaji pia mikono ya mtu mwingine. Freya hudanganya, hukasirika, huwaonea wenzake, kisha huomba radhi. Kwa muda mrefu mwenye ulemavu katika filamu amekuwa ama malaika ama msiba. Kumwona akiwa mkorofi ni nafuu kubwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatasumbuka kuuelewa uhusiano wa Freya na Jo, kwa maana sisi tunao utani. Miongoni mwa makabila mengi ya Tanzania, mtani anayekutania hata mbele ya jeneza la ndugu yako ndiye pia anayeshughulika na kazi za msiba. Ruhusa ya kukucheka na wajibu wa kukuhudumia vimefungwa kwa kamba moja. Jo ana ruhusa hiyo. Anaweza kumcheka Freya akiwa amevuliwa nguo, jambo ambalo likifanywa na mhudumu mgeni ni udhalilishaji. Hapa mhudumu wa afya ajihadhari: mzaha wa rafiki haurithiwi na mwenye koti jeupe. Mgonjwa akijitania mwenyewe, cheka naye. Usiwe wewe wa kwanza.

Sasa twende kwenye mwili wenyewe. Uti wa mgongo ukiumia sehemu ya shingo, mikono na miguu yote hupoteza nguvu, na mara nyingi hisia pia. Kibofu na utumbo huhitaji utaratibu maalumu. Hayo huelezwa hospitalini, na ndugu hufundishwa kutunza mpira wa mkojo na kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda. Lisiloelezwa ni tendo la ndoa. Mwanamke aliyeumia uti wa mgongo huweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa, kisha ikarejea. Uwezo wake wa kushika mimba kwa kawaida haupotei. Asiyeambiwa hili anaweza kupata mimba asiyoitaka, au kukata tamaa ya mtoto ambaye angeweza kumzaa. Kuhusu uzazi wa mpango, njia zenye homoni ya estrojeni zahitaji ushauri wa daktari, kwa kuwa mtu asiyetembea tayari ana hatari ya damu kuganda miguuni. Kwa mwanamume, uume huweza kusimama kwa kuguswa hata pale ambapo fikra peke yake haitoshi, ingawa kutoa mbegu mara nyingi huwa kugumu.

Ipo hatari moja ambayo kila anayemhudumia mtu wa aina ya Freya yampasa aijue. Jeraha likiwa usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, kichocheo kidogo chini ya jeraha, kama kibofu kilichojaa, mpira ulioziba, choo kigumu au hata tendo la ndoa, huweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Mgonjwa huumwa kichwa kwa nguvu na kutoka jasho usoni, na mara nyingi mapigo ya moyo hupungua. Mketishe wima, legeza nguo, kagua mpira wa mkojo, na umwite mtaalamu, kwa maana hali hii huua. Wakunga nao wakumbuke: mama wa namna hii huenda asiusikie uchungu wa kuzaa, na uchungu ukajidhihirisha kwa shinikizo linalopanda na kushuka pamoja na mikazo ya tumbo. Ni rahisi kulidhania kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Wapo watakaosema kwamba mila zetu haziruhusu kuzungumza hayo. Sikubaliani nao. Waswahili wana somo na kungwi, na unyagoni husemwa mambo ambayo hata Jo angeona haya. Mazungumzo yapo, ila yana mahali pake na mtu wake. Kinachokosekana ni kungwi wa binti aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, ambaye jamii imeshaamua kimyakimya kuwa hataolewa. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, inataja waziwazi huduma za afya ya uzazi. Bado katika kliniki nyingi mwanamke huyo akiuliza habari ya vidonge huulizwa kwanza, “Vya nani?”

Lililonigusa zaidi katika tamthilia hii, hata hivyo, ni ajira. Freya ni mwajiri. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa halmashauri kumpa mwenye ulemavu fedha taslimu amwajiri msaidizi amtakaye, badala ya kuletewa mtu asiyemchagua. Uchekeshaji mwingi unatoka hapo: utamkaripiaje rafiki aliyechelewa kazini, naye ndiye pekee ajuaye unavyopenda kulazwa? Utamfukuzaje leo, na kesho ulilie begani mwake? Ni kweli kwamba Abe ana nyumba na kipato, na kwa familia iliyouza shamba ili kulipia matibabu, maswali hayo yaweza kuonekana ya anasa.

Si ya anasa. Kwetu msaidizi huwa mama, mke, dada, au binti aliyeachishwa shule, na hakuna aliyewahi kumuuliza mgonjwa, wala huyo msaidizi. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi humfundisha yeyote aliyesimama karibu na kitanda. Yawezekana aliyesimama pale ni mkwe, au kaka, na mgonjwa ni mwanamke aliyeinamisha macho akinyamaza. Dakika tano za faragha zatosha kumuuliza: ungependa nani akuogeshe, nani asikuogeshe, na huyo akichoka nani amshikie zamu? Akimtaja jirani au shoga yake wa sokoni, basi aitwe huyo, na afundishwe mpira, ugeuzaji na dalili za hatari kama ambavyo angefundishwa ndugu.