Imani ya Kiongozi Katika Mizani ya Wananchi

Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha wataalamu wa sayansi ya siasa ni lile la kiasi gani dini ya mtawala huongeza au hupunguza kukubalika kwake, yaani idadi ya wananchi ambao, wakiulizwa, husema kwamba wanaridhika na namna anavyofanya kazi yake. Marekani ni nchi yenye kumbukumbu nyingi za jambo hili, kwa kuwa shirika la Gallup limekuwa likikusanya maoni ya raia wake tangu miaka ya 1930. Kumbukumbu hizo zinapingana na dhana iliyozoeleka kwamba mtawala hupendwa au huchukiwa kwa sababu ya imani yake. Dini ya kiongozi huwa na uzito mkubwa pale ambapo wananchi hawajamjua, na uzito huo hupungua kadiri matendo yake yanavyoonekana. Na siasa za vyama zinapopamba moto, chuki au mapenzi ya watu kwa kiongozi ndiyo huamua dini yake itazamwe vipi.

Dini humfikia mpiga kura kwa njia tatu. Ya kwanza ni utambulisho wa kundi, ambapo muumini humwona kiongozi wa dini yake kuwa ni mwenzake, na heshima anayopewa kiongozi huyo huihesabu kuwa ni heshima ya waumini wote. Ya pili ni ishara, kwa maana kwamba raia asiye na muda wa kuchambua ilani za vyama huitumia dini ya mgombea kukisia misimamo yake juu ya shule, ndoa, vita au kodi. Ya tatu ni uaminifu, kwani mtu anayemcha Mungu hudhaniwa kuwa atachelea kuiba mali ya umma na kusema uongo. Ishara na dhana ya uaminifu hufanya kazi badala ya ujuzi, kwa hiyo hupoteza nguvu kila ujuzi unapopatikana, ilhali utambulisho wa kundi unaweza kudumu hata baada ya ujuzi huo kupatikana.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya ishara ni ule wa Wakatoliki katika siasa za Marekani. Mwaka 1928, Al Smith, gavana wa New York na Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais, alishindwa vibaya na Herbert Hoover katika kampeni iliyojaa madai kwamba Papa ndiye angeitawala nchi kutoka Roma. Smith angeshindwa pengine hata bila madai hayo, kwa kuwa uchumi ulionekana kustawi chini ya chama cha Hoover, lakini hofu hiyo ilibaki. Gallup ilipouliza mwaka 1937 kama raia wangekuwa tayari kumchagua Mkatoliki mwenye sifa zinazofaa, takribani asilimia 60 tu ndio waliokubali.

John F. Kennedy, Mkatoliki mwingine aliyegombea urais, aliikabili hofu hiyo kwa kujieleza. Mwezi Mei 1960 alishinda uchaguzi wa mchujo katika jimbo la West Virginia, ambako Wakatoliki ni wachache mno, na tarehe 12 Septemba mwaka huohuo alisimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston akaeleza kwamba anaamini katika utengano kamili wa dini na dola, na kwamba endapo dhamiri yake na wajibu wa ofisi vingegongana bila suluhisho, angejiuzulu. Hata hivyo, dini iliacha alama kubwa katika matokeo. Makadirio ya Gallup yalionyesha kwamba karibu Wakatoliki wanane katika kila kumi walimpigia kura, ilhali miongoni mwa Waprotestanti hakufikia nne katika kila kumi, na tofauti ya kura kati yake na mpinzani wake, Richard Nixon, nchi nzima ilikuwa kidogo mno, chini ya laki moja na ishirini elfu katika kura zipatazo milioni 68.

Baada ya Kennedy kushika madaraka, uzito wa dini yake ulipungua kwa kasi. Wananchi walimwona akipinga msimamo wa maaskofu wa kanisa lake mwenyewe waliotaka fedha za serikali kuu zisaidie pia shule za kanisa, na hofu ya kutawaliwa na Roma ikakosa ushahidi wa kuitegemeza. Wastani wa kukubalika kwake katika kipindi chote cha urais ulifika takribani asilimia 70, kiwango ambacho kisingewezekana kama Waprotestanti, waliokuwa wengi nchini, wangeendelea kumpima kwa dini yake.

Ikiwa imani ya kundi dogo haimzuii kiongozi kupendwa, imani ya kundi kubwa nayo haimkingi asichukiwe. Jimmy Carter, Mbaptisti aliyejitangaza kuwa ameokoka na aliyefundisha madarasa ya Biblia kanisani kwake, aliingia madarakani mwaka 1977 wakati ambapo taifa lilikuwa limechoshwa na udanganyifu wa kashfa ya Watergate, na uchaji wake ulichukuliwa kuwa dhamana ya ukweli. Miezi michache ya mwanzo, kukubalika kwake kulifika asilimia 75. Kufikia katikati ya mwaka 1979, wakati mafuta yalipoadimika na bei za bidhaa zikapanda, kulikuwa kumeporomoka hadi asilimia 28. Mwaka 1980, huku Wamarekani 52 wakiwa bado mateka mjini Tehran, Wakristo wengi wa kiinjili walimwacha mlokole mwenzao wakamchagua Ronald Reagan, mtu ambaye ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa talaka na ambaye hakujulikana kwa kuhudhuria ibada mara kwa mara, kwa sababu waliona kwamba sera zake ndizo zilizokaribia matakwa yao.

Kenya imepitia mwenendo unaofanana na huo. William Ruto, aliyeshinda urais mwaka 2022 kwa asilimia 50.49 ya kura, alizifanya ibada na maombi kuwa sehemu ya wazi ya siasa yake, na viongozi wengi wa makanisa walimpokea kama mtu wao. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipozua maandamano ya vijana, ambayo tarehe 25 Juni yalifika hadi ndani ya Bunge, swali lililotawala lilikuwa gharama ya maisha, na waandamanaji waliyakosoa pia makanisa yaliyowapa wanasiasa mimbari. Mwezi Novemba mwaka huo maaskofu wa Kikatoliki waliikosoa serikali hadharani, na Jimbo Kuu la Nairobi likakataa mchango wa fedha ambao rais alikuwa ameutoa kwa parokia moja jijini. Imani humfungulia kiongozi mlango, lakini haimhakikishii kiti barazani.

Upande wa tatu wa jambo hili ndio unaosahaulika zaidi, nao ni kwamba uhusiano kati ya dini na kukubalika hugeuka nyuma mbele. Barack Obama alikuwa Mkristo aliyesali kwa miaka mingi katika kanisa moja mjini Chicago, lakini mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew kilibaini kwamba asilimia 18 ya Wamarekani waliamini kwamba yeye ni Mwislamu, na dhana hiyo ilienea zaidi miongoni mwa wale ambao tayari hawakuridhika na utendaji wake. Katika fikra za watu hao, dini ya kubuniwa ilikuwa lugha ya kutamka kwamba rais si mwenzao. Uchunguzi wa taasisi ya PRRI ulionyesha jambo la jinsi hiyo kwa upande wa mapenzi: mwaka 2011, asilimia 30 ya Wazungu wa madhehebu ya kiinjili walikubali kwamba kiongozi aliyekosa maadili katika maisha yake binafsi anaweza kutekeleza wajibu wake wa umma kwa uadilifu, na mwaka 2016, Donald Trump alipokuwa mgombea wa chama ambacho wengi wao walikiunga mkono, waliokubali walifikia asilimia 72. Katika miaka mitano, kipimo cha uadilifu kilikuwa kimebadilika kikamfuata mgombea.

Tanzania nayo inatoa ushahidi wa kuzingatiwa. Ibara ya 3 ya Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, ikimaanisha kwamba dola haina dini ingawa raia wake wanazo, na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 inakataza kuandikishwa kwa chama chenye lengo la kuendeleza maslahi ya dini fulani. Tangu Julius Nyerere hadi Samia Suluhu Hassan, marais Wakatoliki na Waislamu wamepokezana, ingawa hakuna sheria inayoamuru hivyo. Hata katika mazingira hayo, CUF iliwahi kuitwa chama cha Waislamu na CHADEMA kuitwa chama cha Wakristo, na majina hayo yalivuma pale ushindani wa vyama hivyo na chama tawala ulipokuwa mkali. Hapa pia ugomvi wa kisiasa ulitangulia, na dini ikaitwa kuutilia nguvu.

Kutokana na ushahidi huu haifai kuhitimisha kwamba imani ya kiongozi haina maana yoyote, kwa sababu imani ya kweli hugusa namna mtu anavyoamua, na raia ana haki ya kuuliza itagusa uamuzi upi. Lakini swali hilo lina faida pale tu linapojibiwa kwa sera na matendo yanayoweza kupimwa, kama Kennedy alivyopimwa kwa suala la shule. Mwananchi anayemsamehe kiongozi kosa kwa sababu wanasali pamoja, au anayekataa kuona jema lake kwa sababu hawasali pamoja, anakuwa ameachia haki yake ya kumwajibisha, na hasara ya bei zilizopanda, hospitali zisizo na dawa na fedha za umma zilizopotea huwaangukia sawasawa waumini wa dini ya kiongozi huyo na wale wasio wa dini yake.