Migomba ya Keumbu na siri ya vyungu 8

UKIPITA barabara ya Kisii kwenda Keroka, ni vigumu kuondoka Keumbu bila kuitiwa ndizi. Lakini mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Shina aghalabu huachwa likaoza shambani, ilhali lina nyuzi zinazofaa kwa karatasi ya kadi za harusi.

Vipande vya shina huchemshwa kwa magadi, huoshwa na kupondwa hadi viwe rojo. Rojo hutiwa majini, hutegwa kwa wavu, kisha huanikwa. Taabu ni kwamba karatasi ya leo hutoka imara, ya kesho ikapasuka kama jani kavu. Kuni na magadi vimekwisha, na pesa zimepotea.

Wengi hubahatisha: wiki hii huongeza magadi, wiki ijayo huongeza muda. Lakini huenda magadi mengi yanafaa kwa saa 2, na kwa saa 4 yakazidhoofisha nyuzi. Anayebadilisha jambo moja moja hataligundua hilo.

Ronald Fisher, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alieleza njia bora katika kitabu chake cha 1935. Chukua mambo matatu: magadi, kidogo au mengi, kuchemsha, saa 2 au 4, kuponda, nusu saa au saa nzima. Ukiyachanganya kila namna, utapata vyungu 8. Piga kura kujua kipi kitangulie, ili kuni mbichi za siku moja zisipendelee upande wowote.

Karatasi zikikauka, kata kutoka kila moja ukanda wenye upana sawa. Ning'iniza mkebe, utie maji kikombe baada ya kikombe hadi ukanda ukatike. Andika idadi ya vikombe.

Sasa linganisha vyungu 4 vya magadi mengi na 4 vya magadi kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa muda na kuponda. Vyungu vile vile 8 vimejibu maswali matatu! Rudia kazi yote mara ya pili ili uwe na hakika.

Tahadhari: magadi huchoma ngozi, basi vaa glavu. Usitumie sufuria ya alumini kwani magadi huila.

Pengine utaona kuwa saa 2 zatosha. Hapo ndipo utakapojua ni kuni kiasi gani ulizokuwa ukichoma bure.