Lambo la mafuriko hukaa tupu

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, iko kwenye nchi ya tambarare inayogawa maji yake huku na huku. Yanayoelekea kaskazini hufuata Ugalla na Malagarasi mpaka Ziwa Tanganyika. Yanayoelekea kusini huingia Mto Rungwa na kuishia Ziwa Rukwa. Miombo imekaa kwenye miinuko, mbuga za udongo mweusi zimekaa mabondeni. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili. Zile za kwanza humezwa na nyufa za mbuga, lakini udongo ule mfinyanzi ukishavimba na kujiziba, maji mengi hutiririka juu juu. Hapo ndipo barabara hukatika na mahindi yakasimama majini.

Hali ikijirudia, dawa inayotajwa kwanza vikaoni ni lambo: tuta la udongo likatishe bonde, maji yazuiwe nyuma yake. Nakubaliana nayo kwa sharti moja ambalo wengi hawalipendi. Lambo la kuzuia mafuriko lina faida pale tu linapokuwa halina maji. Likiwa limejaa siku mvua kubwa inaposhuka, karibu kila lita inayoingia italazimika kutoka, na walio chini yake watapata mafuriko yale yale, safari hii wakiwa na tuta juu yao ambalo linaweza kupasuka.

Tupige hesabu. Chukua bonde linalokusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 10. Mvua ya milimita 50 ikinyesha alasiri moja, zimeshuka mita za ujazo 500,000. Tuseme theluthi yake inatiririka, kama 167,000 hivi. Lambo la kijiji lenye kina cha mita 4 kwenye tuta na uso wa hekta 5 likijaa, hubeba takriban mita za ujazo 67,000 tu, kwa sababu kina hupungua kadiri unavyokwenda juu ya bonde na kandokando yake. Kwa hiyo halimezi mafuriko yote. Linachofanya ni kuyakata kilele, yaani maji ambayo yangepita kwa kishindo ndani ya saa chache yasambazwe katika saa nyingi zaidi.

Kazi hiyo hufanywa na bomba lililolazwa chini ya tuta, lisilo na koki. Nasisitiza lisiwe na koki, maana mtu wa kwenda kuifungua saa nane za usiku mvua ikinyesha hapatikani. Mvua ndogo hupita yote. Mvua kubwa hupita kiasi, inayobaki husubiri zamu yake. Bomba la kipenyo cha sentimita 60, lambo likiwa limejaa, hutoa zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Mvua ikikatika, baada ya siku moja hivi lambo liko tupu tena.

Wafugaji watauliza: ng'ombe wanywe nini? Katavi imepokea wafugaji wengi, na swali lao ni la haki. Jibu liko kwenye umbo la bonde. Ukipandisha mdomo wa bomba mpaka nusu ya kina, mita 2 za chini hazitoki, nawe umepoteza kama sehemu moja tu ya nane ya nafasi ya mafuriko, kwani sehemu kubwa ya ujazo iko juu, si chini. Mita za ujazo 8,000 hivi zitabaki baada ya mvua. Jua la kiangazi litanyonya takriban mita nzima ya kina kabla ya Novemba, kwa hiyo mifugo itapata maji kwa miezi kadhaa na mwishoni itakuwa inakanyaga tope. Mpunga wa kiangazi, samahani, haumo katika hesabu hii. Tukumbuke Mto Katuma, mkoani humo humo: wakulima wa mpunga waliweka vizuizi juu ya mto, na huko chini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, viboko wakabaki wakisongamana kwenye madimbwi ya matope.

Sasa tuje kwenye tuta lenyewe. Watu hulisifu kwa urefu. Mimi hutazama kwanza utoro, ile njia ya pembeni ya kupitishia maji yanayozidi. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu ya mgongo wake. Yakishaanza, huchimba upande wa nyuma na pengo huzidi kupanuka. Utoro uchimbwe kwenye ardhi ya asili kando ya tuta, uwe mpana, uwe na nyasi au mawe, na mgongo wa tuta ubaki walau mita moja juu ya kiwango chake. Ndiyo sehemu ya kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua, kwa kuwa miaka mingi hupita bila kuonekana na kazi.

Tanzania ina mfano wake mkubwa. Bwawa la Kidete, wilayani Kilosa, lilipunguza nguvu ya maji ya Mto Kinyasungwe yanayoshuka kutoka Dodoma, na hivyo kuikinga Reli ya Kati. Liliharibiwa na mvua za El Niño za 1997/98. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliing'oa reli, yakabomoa kingo za Mto Mkondoa na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Kenya nako, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka katika msimu wa mvua nyingi na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa bwawa la shambani, si mradi wa kitaifa.

Adui wa pili hufanya kazi kimyakimya: maji yanayopenya ndani ya tuta, yakibeba chembe za udongo mpaka yatoboe tundu. Kwa lambo linalokaa tupu hatari hii ni kubwa zaidi, na hapa Inyonga inahitaji uangalifu wa pekee. Udongo mweusi wa mbuga huzuia maji vizuri sana ukiwa na unyevu, lakini ukikauka hupasuka. Tuta lililojengwa kwa udongo huo mtupu litapigwa na jua miezi sita, kisha lipokee maji ya kwanza kupitia nyufa. Udongo mfinyanzi uwekwe katikati tu, ufunikwe kwa moramu pande zote. Udongo wa kichuguu, ambao mafundi wanaupenda kwa matofali, unafaa pia kwa sehemu ya katikati. Ila kichuguu kilichopo chini ya msingi kifukuliwe hadi mwisho wa vishimo vya mchwa.

Kabla ya kumwaga tripu ya kwanza kuna vipimo viwili visivyo na gharama. Tia bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, uiache bila kuitikisa. Maji yakichafuka kwa wingu la ukungu linaloenea bila kutua, udongo huo huyeyukia majini, usiujengee. Cha pili ni cha kiganja. Finya udongo uliolowa: ukiacha rojo mkononi, maji yamezidi, ukimomonyoka, ni mkavu. Ulio sawa hubaki na alama za vidole, na ukiuangusha kutoka usawa wa kiuno huvunjika vipande vichache. Huo ndio wa kumwaga kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata.

Juu ya lambo kuna msitu, na msitu huo una bei. Tumbaku hukaushwa kwenye mabani yanayokula kuni, na mteremko uliobaki bila miti huleta maji haraka zaidi pamoja na mchanga. Dodoma walishalipa deni la namna hii: watafiti waliopima Ikowa na Matumbulu kuelekea 1972 waliona mabwawa ambayo tope lingeyajaza ndani ya miongo michache tu.

Ujenzi wa bwawa unahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kijiji kianzie kwenye ofisi ya maji ya bonde lake kabla ya kukodi katapila. Kibali hakisafishi bomba, hata hivyo. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ambalo kalavati lake lilikuwa limeziba. Yalipolipasua yaliua watu zaidi ya 40. Tuta lile halikujengwa liwe bwawa. Kwa hiyo kila Oktoba, kabla ya mvua, mtu mwenye jina na posho inayojulikana aondoe matawi na tope kwenye chujio la bomba, ang'oe miche iliyoota juu ya tuta na kufukia njia za ng'ombe. Asipofanya hivyo bomba litaziba, na lambo litaanza kukaa limejaa bila kikao chochote kuamua hivyo.