Viwavi jeshi wanakula mahindi ya shosho? Cheki hii mbinu ya sukuma-vuta

Ka shosho yako hukutumia gunia la mahindi kutoka Malava ama Shinyalu, jua kuna mdudu anakupigania hiyo ugali. Viwavi jeshi walitua Kenya 2017 na mashamba ya Magharibi yakaliwa vibaya. Wasee wengi walikimbilia dawa. Noma ni kwamba kiwavi akishakua hujificha ndani ya moyo wa mmea, akaziba juu na uchafu wake. Dawa haimfikii. Inakufikia wewe, hasa ka unapuliza bila maski.

Sasa, kuna mbinu ya huku huku kwetu inaitwa sukuma-vuta (zii, si mboga). Icipe, ambao wako na kituo Mbita, Homa Bay, waliitengeneza na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na watafiti wa Kenya, miaka ya 1990. Wakati huo adui alikuwa funza anayetoboa shina. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, harufu yake inamtimua nondo. Pembeni, kuzunguka shamba lote, unaweka nepia ama brakiaria. Hiyo nayo nondo anaipenda, anaenda kutaga huko, na watoto wake wengi hawatoboi. Ni ka kumtumia mtu lokesheni feki ya pati.

Na kwa viwavi jeshi? Utafiti uliotoka 2018, wa mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulipata viwavi wamepungua kwa asilimia 82.7 kwa kila mmea, na mavuno yakawa mara 2.7 ya shamba la mahindi matupu. Juu ya hiyo, mizizi ya desmodiamu inamaliza kiduha, ile kayongo, na ng'ombe anakula hayo majani yote.

Lakini tusidanganyane. Mbegu ya desmodiamu si bei ya njugu, inakula nafasi ya maharagwe, na msimu wa kwanza utapalilia hadi mgongo ulie ju inakua polepole. Ikishika lakini, inakaa miaka. Ka mathe hana ng'ombe, faida inapungua, hiyo ni ukweli.

Ka mahindi tayari yako shambani, mwambie akague majani asubuhi mapema, aponde mayai, na atie jivu ama mchanga kwa moyo wa mmea viwavi wakiwa bado wadogo. Ya desmodiamu aulizie KALRO, wako na kituo Kakamega, kabla mvua ya Machi ianze.